Mwongozo wa kutunga mtaala wa shahada ya usanifu wa uzoefu wa mtumiaji na violesura katika vyuo vikuu vya Zanzibar

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhadhiri, mkuu wa idara au mjumbe wa kamati ya mitaala aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa programu ya shahada ya kwanza katika usanifu wa uzoefu wa mtumiaji na violesura, yaani skrini, fomu na menyu ambazo mtu huutumia mfumo kupitia kwazo, hapa Zanzibar. Mahali pa kuisomesha pasingekuwa tatizo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999, kina kampasi Unguja na Pemba. Chuo Kikuu cha Zanzibar kipo Tunguu. Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait kipo Chukwani. Na tangu 2023 IIT Madras ya India ina kampasi yake Unguja. Taaluma za kompyuta zinasomeshwa, ila fani hii mara nyingi hubanwa ndani ya kozi moja ya miaka ya mwisho, wakati mwanafunzi ameshazoea kuandika programu bila ya kumwona mtu atakayeitumia.

Hoja inayoongoza hatua zote hapa ni moja: saa za mwanafunzi zigawiwe kwanza kwa kazi ya kukaa na watumiaji, kuwasikiliza na kuwaangalia wanavyotumia kilichosanifiwa, kisha nadharia, programu za kuchorea, mitihani na hata mpangilio wa maabara vipangwe kuizunguka kazi hiyo. Mtaala ulioanza kwa orodha ya programu za kompyuta huwa umeshageuza mambo juu chini, na ukishapita Seneti kuurekebisha ni shughuli pevu.

Hatua ya kwanza: Jua mhitimu atakwenda kufanya kazi gani

Kabla ya kuandika jina la kozi hata moja, kamati itoke ofisini. Wadau wa kuwaendea wanajulikana: Mamlaka ya Serikali Mtandao, Benki ya Watu wa Zanzibar, kampuni za boti, mahoteli, kampuni za simu, na vijana wanaotengeneza programu kwa mikataba midogo midogo. Kasoro ya tathmini nyingi za mahitaji ni swali lenyewe. Mwajiri akiulizwa anataka mhitimu mwenye ujuzi gani, atataja yale aliyoyasoma katika matangazo ya kazi ya nchi nyingine. Ni afadhali aulizwe mfumo wa mwisho aliounda au kuununua, halafu kamati iombe ruhusa ya kukaa asubuhi nzima kwenye kaunta yake ya huduma kwa wateja. Kila mtu anayefika kwa miguu kuuliza jambo ambalo mfumo ulipaswa kulimaliza aandikwe: aliuliza nini, alikwama wapi, na mhudumu alimsaidiaje. Karatasi hizo zina thamani kubwa kuliko dodoso lolote, na ndizo zitakazotoa miradi ya studio, yaani kozi ya vitendo ya kila muhula, kwa miaka ya mwanzo.

Kamati isiishie Mjini. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kati yao 543,441 wako Pemba. Mtaala uliojengwa kwa kuzungumza na ofisi za Unguja peke yake unawaacha nje takribani watu watatu katika kila kumi, na hao ndio ambao safari ya kwenda ofisini kufuatilia jambo lililokwama huwagharimu zaidi.

Baada ya hapo, sifa za mhitimu ziandikwe kwa aya moja fupi. Katika nchi zenye soko kubwa, mtafiti wa watumiaji, msanifu wa mwingiliano, mwandishi wa maandishi ya kiolesura na mtengenezaji wa kurasa ni watu wanne tofauti. Kwetu kazi zote hizo humwangukia mtu mmoja, ambaye siku hiyo hiyo huenda akatakiwa pia aeleze bajeti mbele ya mkurugenzi. Kwa hiyo ninashauri shahada ya kwanza imwandae mtu wa kufanya mambo mengi, na ubobezi uachiwe shahada ya uzamili.

Hatua ya pili: Andika matokeo ya ujifunzaji yanayoweza kupimwa

Uti wa mgongo wa programu usitafutwe mbali. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-210, ambacho toleo lake la sasa ni la 2019, kinaigawa kazi ya usanifu unaomfuata mtumiaji katika shughuli nne: kuyaelewa mazingira ya matumizi, kubainisha mahitaji ya watumiaji, kutengeneza masuluhisho, na kuyatathmini. Nacho ISO 9241-11 cha 2018 kinaupima utumikaji kwa mambo matatu: kama mtumiaji amelifikia lengo lake, ametumia juhudi kiasi gani, na ameridhika kwa kadiri gani. Matokeo ya programu nzima yakitokana na shughuli hizo nne hayatazidi manane au tisa, na hiyo ni idadi ambayo mwalimu anaweza kuikumbuka bila ya kufungua kabrasha.

Tatizo kubwa liko katika vitenzi. Sentensi kama «mwanafunzi aelewe umuhimu wa mtumiaji» inapendeza kuisoma, lakini hakuna mtahini anayeweza kuisahihisha. Ilinganishwe na hii: «Mwishoni mwa kozi, mwanafunzi ataweza kuendesha jaribio la matumizi na watu watano wanaozungumza Kiswahili, kuyapanga matatizo aliyoyaona kwa uzito wake, na kuyatetea mabadiliko matatu ya kiolesura kwa kueleza kilichotendeka katika jaribio hilo.» Sentensi ya pili imeshataja kitakachofundishwa, kitakachofanywa na kitakachosahihishwa. Ulinganifu wa namna hii kati ya matokeo, ufundishaji na upimaji ndio uliosisitizwa na John Biggs katika miaka ya 1990, na wajumbe wa kamati za mitaala huutafuta wanaposoma rasimu.

Hatua ya tatu: Gawa krediti kwa kuhesabu saa za mwanafunzi

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka na 60 kwa muhula, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Saa hizo ni pamoja na kusoma peke yake, kufanya mazoezi, kwenda uwandani na kujiandaa kwa mtihani. Wengi hulisahau hili na kuhesabu saa za mhadhara tu, na matokeo yake ni ratiba iliyojaa vipindi kuanzia asubuhi mpaka Laasiri huku mwanafunzi akiwa hana nafasi ya kwenda kukaa na mtumiaji hata mmoja.

Ninapendekeza kila muhula uwe na studio moja ya krediti 18. Hizo ni saa 180, ambazo katika muhula wa wiki 15 ni saa 12 kwa wiki: saa 4 za studio pamoja na mwalimu, saa 3 za uwandani, saa 4 za kazi ya kikundi au ya mtu mwenyewe, na saa moja ya kuwasilisha na kukosolewa. Krediti 42 zinazobaki zitoshe kwa kozi nne za nadharia na ufundi. Kwa mihula sita, studio zitakuwa na krediti 108, sawa na asilimia 30 ya shahada yote. Watakaosema ni nyingi waonyeshwe kwamba vitabu huweza kueleza kanuni za usanifu kwa muda mfupi tu, ilhali jicho la kuliona tatizo katika matumizi halipatikani ila kwa kurudia.

Kozi ndogo ndogo za krediti 6 au 7 ziepukwe. Kila kozi huja na mitihani yake, mwalimu wake na makaratasi yake, na mwanafunzi mwenye kozi nane kwa muhula hufanya kila kitu nusunusu.

Hatua ya nne: Panga masomo kwa miaka, ukianza na kuangalia

Mwaka wa kwanza uwe wa kuangalia, kuuliza na kuchora kwa mkono. Mwanafunzi asome namna ya kuhoji bila ya kumtilia mtu maneno mdomoni, misingi ya taipografia (uchaguzi na mpangilio wa herufi) na rangi, HTML na CSS za kuandikia kurasa za wavuti, na saikolojia ya utambuzi kwa kiwango cha kuelewa kwa nini kitufe kidogo kilicho mbali huchelewesha mkono, jambo ambalo Paul Fitts alilionyesha mwaka 1954, na kwa nini orodha yenye machaguo mengi huchelewesha uamuzi. Mwaka wa pili ushughulikie mpangilio wa taarifa, mwingiliano, majaribio ya matumizi, takwimu, ufikivu (kuwawezesha watu wenye ulemavu kuutumia mfumo) na huduma za simu ndogo. Mwaka wa tatu uende kwenye usanifu wa huduma nzima, sheria na maadili, kuendesha mradi, na mradi wa kuhitimu. Mafunzo ya vitendo nje ya chuo yawe ya wiki nane, mwishoni mwa mwaka wa kwanza na wa pili.

Hapa panafaa kueleza kwa kina mradi mmoja, kwa sababu ubora wa mtaala huonekana katika mazoezi yake. Studio ya mwaka wa kwanza inaweza kuanza na fomu ya kukatia tiketi ya boti kati ya Unguja na Pemba. Wanafunzi wapelekwe bandarini Malindi, waone tiketi zinavyokatwa, kisha wachore fomu yao kwenye karatasi na kuijaribu kwa wasafiri. Mambo yatakayojitokeza hayamo katika vitabu vya Marekani. Msafiri anajua boti yake inaondoka saa 1 asubuhi, lakini fomu inamwonyesha 07:00. Mwingine, akiwa ameshika simu iliyowekwa kwa hesabu ya saa za Kiswahili, anachagua 01:00 na mfumo unamjibu kwamba hakuna safari. Anayetaka kusafiri «usiku wa Ijumaa» huenda anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya simu inauita Alhamisi. Fomu nayo inadai «jina la ukoo» kutoka kwa mtu mwenye jina lake, la baba na la babu, ambaye hajui lipi aliweke wapi ili lilingane na kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi. Mama anayesafiri na watoto wanne anatakiwa aijaze fomu mara tano, na akipigiwa simu katikati ya kazi anaanza upya.

Kila moja kati ya kasoro hizo ina njia ya kutatuliwa, na wanafunzi wazitafute wenyewe kabla ya kuonyeshwa. Wengine wataonyesha saa kwa namna mbili kwa pamoja, «saa 1:00 asubuhi, 07:00». Wengine wataondoa uchaguzi wa saa kabisa na kuweka orodha ya safari za siku hiyo, kwa kuwa boti ni chache na hakuna haja ya kumwandikisha mtu saa. Jibu la pili ni bora, na ni vyema mwalimu asiliseme. Kikundi kilichoshikilia jibu la kwanza kitaliona siku ya majaribio, pale msafiri wa tatu atakapouliza kwa nini anaulizwa saa ilhali boti ni mbili tu.

Studio ya mwaka wa pili ifanyike Pemba kwa sehemu kubwa. Ununuzi wa karafuu ni mada nzuri: mkulima hufikisha karafuu kavu kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, hupimwa uzito, hupangwa daraja, naye hulipwa. Wanafunzi wasanifu namna ya kumfikishia mkulima taarifa za kila hatua kwa simu ya vitufe. Ujumbe mmoja wa menyu ya simu, ile inayofunguliwa kwa nyota na reli kama huduma za pesa, hauzidi herufi 182, na mtumiaji akikawia kujibu hukatwa. Mipaka hiyo humlazimisha mwanafunzi aamue neno lipi libaki na lipi liondoke, na baada ya zoezi hilo hata skrini zake kubwa hupungua maneno. Msimu wa karafuu hauangalii kalenda ya chuo, kwa hiyo tarehe za uwandani ziachwe wazi katika mtaala na zipangwe kila mwaka. Hali ni hiyo hiyo kwa Ramadhani, ambayo husogea kwa takribani siku 11 kila mwaka wa miladi. Majaribio ya mchana yanayochukua muda wa saa mbili katika mwezi huo hayatampata mtu.

Hatua ya tano: Lipe suala la lugha nafasi yake katika mtaala

Lugha ya mhadhara vyuoni ni Kiingereza, ilhali mahojiano, majaribio na maandishi mengi ya kiolesura yatakuwa kwa Kiswahili. Mtaala usiponyamazia tofauti hiyo utaepusha tabia ya wanafunzi kuandika kiolesura kwa Kiingereza na kukigeuza siku ya mwisho, ambapo vitufe hufurika maneno na maelekezo husomeka kama sheria. Kuwe na kozi kamili ya uandishi wa violesura kwa Kiswahili katika mwaka wa pili. Mwanafunzi aandike ujumbe wa kosa unaomwambia mtu kilichotokea na cha kufanya, aulinganishe na istilahi zilizokubaliwa na BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, kisha ampe mtu wa rika la wazazi wake ausome kwa sauti. Pale istilahi rasmi inapomkwaza msomaji, mwanafunzi aandike hoja ya maandishi kwa nini amechagua neno la mtaani, na hoja hiyo isahihishwe.

Lugha inagusa ufikivu pia. Ukurasa wa wavuti hutakiwa kutaja lugha yake ndani ya msimbo, na kwa Kiswahili alama yake ni lang="sw". Ukurasa wa Kiswahili ulioachwa na alama ya Kiingereza husomwa na kisoma skrini kwa matamshi ya Kiingereza, na mtu asiyeona hasikii kitu cha maana. Kozi ya ufikivu ifuate WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, uliotolewa Oktoba 2023: tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1, na sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24. Kigezo cha mwangaza kipimwe kwa programu maabarani, halafu skrini ile ile itolewe nje ufukweni saa 7 mchana, kwa sababu mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani huitazama simu yake chini ya jua. Jumuiya ya Wasioona Zanzibar na jumuiya nyingine za watu wenye ulemavu zihusishwe tangu rasimu ya kwanza, na wajumbe wake walipwe muda wao kama wataalamu wanaokuja kufundisha.

Hatua ya sita: Weka utaratibu wa kwenda uwandani

Programu inayopeleka wanafunzi kwa watu kila muhula haiwezi kutegemea barua inayoandikwa upya kila safari. Kamati ya maadili ya chuo iombwe itoe idhini ya jumla kwa mazoezi yasiyogusa afya wala watoto, na miradi inayovuka mpaka huo iombewe kibali peke yake. Katika kila shehia, mwalimu atangulie kwa sheha, aeleze wanafunzi ni wangapi, watakaa siku ngapi na watauliza nini. Mwanafunzi aliyeingia kijijini bila ya sheha kujua hujiletea maswali, na huwafungia mlango wenzake wa mwaka unaofuata.

Namna ya kumwendea mtu nayo ifundishwe darasani, kwa kuigiza kabla ya kutoka. Kijana huanza kwa salamu na shikamoo kwa mkubwa, husema ametoka chuo gani, na hukubali kukaribishwa barazani kabla ya kutoa karatasi. Ridhaa isomwe kwa Kiswahili chepesi, tena kwa mdomo pale mtu asiposoma, na aambiwe waziwazi kwamba kinachopimwa ni mfumo. Akikwama, kosa ni la aliyesanifu. Wenyeji wetu ni watu wa staha, na wengi watasifu chochote ili wasimvunje moyo mtoto wa watu aliyekuja kusoma. Kwa hiyo wanafunzi wafundishwe kuamini zaidi wanachokiona mkono ukifanya kuliko wanachokisikia mwishoni. Vikundi vichanganye wasichana na wavulana, kwa kuwa zipo nyumba ambazo mtafiti wa kiume hatapata zaidi ya salamu.

Picha na sauti zihifadhiwe kwenye seva ya chuo na zifutwe kwa tarehe iliyotajwa katika ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, isomeshwe na mwanasheria, pamoja na mipaka ya matumizi yake kwa upande wa Zanzibar.

Hatua ya saba: Pima kazi iliyojaribiwa

Mtihani wa mwisho wenye maswali ya kueleza unaweza kubaki katika kozi za nadharia. Katika studio, alama zitokane na jalada la kazi: michoro ya mwanzo, kumbukumbu za uwandani, mfano wa awali, ripoti ya jaribio, toleo lililorekebishwa na maelezo ya kilichobadilika. Ninapendekeza asilimia 40 ya alama za studio iende kwa ushahidi wa majaribio na marekebisho, na asilimia 15 tu iende kwa mwonekano. Wanafunzi wenye mkono mzuri wa kuchora watalalamika, na inafaa walalamike katika mwaka wa kwanza kuliko kazini.

Idadi ya watu wa kujaribiwa huzua mabishano, basi mabishano hayo yaingizwe ndani ya somo. Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba ikiwa kila mtu hugundua wastani wa asilimia 31 ya matatizo, watu watano watayafichua takribani asilimia 85. Laura Faulkner, mwaka 2003, aliwajaribu watu 60 na kuchukua vikundi vya watu watano watano kwa bahati nasibu: vipo vilivyoyaona matatizo asilimia 99, na vipo vilivyoona asilimia 55 tu. Mwanafunzi anayezijua hesabu zote mbili ataandika kwa uangalifu zaidi kwamba watano wake wametosha, hasa kama wote watano ni wenzake wa bweni moja.

Dodoso la SUS la John Brooke la kupima utumikaji wa mfumo, lenye kauli 10 na alama kutoka 0 hadi 100, linafaa kwa kulinganisha matoleo. Kauli zake hupishana, moja ya kusifu na moja ya kulaumu, na kauli za kukanusha zikifasiriwa kwa haraka huwachanganya wasomaji. Kabla ya kulitumia, darasa lifasiri, kundi jingine lirejeshe tafsiri hiyo kwa Kiingereza bila ya kuona matini ya mwanzo, na tofauti zijadiliwe.

Kwa kazi za vikundi, kila mwanafunzi ahojiwe peke yake dakika 10 kuhusu uamuzi mmoja wa kikundi atakaouchagua mtahini. Njia hiyo humbaini aliyebebwa bila ya kuhitaji fomu za wenzake kumsema.

Hatua ya nane: Chagua vifaa ukijua kuwa vitabadilika

Jina la programu yoyote ya kuchorea lisiandikwe katika jina la kozi wala katika matokeo ya ujifunzaji. Kampuni ya Adobe ilitangaza mwaka 2022 kwamba itainunua Figma, kampuni ya programu ya kusanifia violesura, kwa dola bilioni 20, na Desemba 2023 mpango ukavunjika. InVision, iliyokuwa ikitumika kote, ilifunga huduma zake za usanifu mwishoni mwa 2024. Mtaala hukaa miaka kadhaa kabla ya kupitiwa upya, na kampuni haziusubiri. Andika «programu ya kusanifia violesura», na jina liwekwe kwenye mpango wa kila muhula.

Penpot ni programu huria inayoweza kuwekwa kwenye seva ya chuo chenyewe, hivyo darasa linaendelea hata intaneti ya nje ikikatika. Umeme ni jambo jingine: Unguja huupata kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, na aliyekuwepo kisiwani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, ilipokaa gizani kwa miezi mitatu, hahitaji kuelezwa kwa nini studio ya mwaka wa kwanza ifanyike kwa karatasi, kalamu na gundi. Bajeti ya maabara isielekezwe yote kwenye kompyuta kubwa. Zinunuliwe simu 20 za bei ya chini zenye skrini ndogo, simu chache za vitufe, na moja au mbili zilizopasuka kioo, kwani ndizo zilizomo mikononi mwa watu.

Hatua ya tisa: Walimu na idhini

Walimu wenye shahada ya uzamivu katika fani hii ni wachache, na kanuni za ajira za chuo hazimruhusu fundi mahiri asiye na shahada za juu kuwa mhadhiri. Njia ya kati ni kila studio iwe na mhadhiri mmoja anayebeba dhamana ya alama, na msanifu mmoja kutoka kazini anayelipwa kwa saa kuja kukosoa kazi. Gharama hiyo iandikwe ndani ya waraka wa programu tangu mwanzo. Isipoandikwa, itakuwa ya kwanza kukatwa.

Waraka ukikamilika utapita kwenye idara, bodi ya skuli, kikao cha wadau, Seneti, kisha Tume ya Vyuo Vikuu. Wakaguzi huuliza mambo matatu karibu kila mara: mahitaji ya soko, ulinganisho na programu za kwingine, na uwezo wa chuo. Kwa la kwanza, zile karatasi za kaunta ziambatishwe. Kwa la pili, mtaala wa mwaka 1992 wa SIGCHI, kikundi ndani ya ACM, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kompyuta, kuhusu mwingiliano wa binadamu na kompyuta ni wa zamani lakini bado ni msingi mzuri wa kulinganishia, ukisomwa pamoja na miongozo mipya ya taaluma za kompyuta iliyotolewa na ACM na chama cha wahandisi cha IEEE. La tatu hujibiwa kwa orodha ya walimu na vifaa vilivyopo, bila ya kutia chumvi.

Wakati waraka unazunguka kwenye vikao, studio ya tiketi ya boti iendeshwe kwa majaribio kama kozi ya hiari kwa wanafunzi wa kompyuta waliopo. Saa walizotumia kwelikweli kila wiki ziandikwe na kulinganishwa na zile 12 zilizokadiriwa, na jedwali la krediti lirekebishwe kwa takwimu hizo kabla ya rasimu ya mwisho kuwasilishwa Seneti.